Mafuta ya Majivu na Mikono ya Oddny

Nilipostaafu ukutubi nilibaki na miwani mipya, muda tele, na hakuna tena wa kumwambia anyamaze. Basi nikaanza kusoma vibandiko vya vipodozi. Maduka ya dawa yote hapa mjini Kristiansund, Norwe, yananijua: mimi ndiye yule bibi anayesimama nusu saa mbele ya rafu, anaguna, kisha anaondoka bila kununua kitu.

Ndipo mikono ya mdogo wangu Oddny ikapasuka. Oddny alifiwa na mumewe Februari, na huu ni mwaka wake wa thelathini na moja katika kiwanda cha lutefisk, yule samaki mkavu tunayemloweka kwenye kostiki hadi alainike na kutetemeka sahanini. Daktari alimwandikia krimu. Nikavaa miwani, nikasoma, nikapiga yowe.

"Hidroksidi ya sodiamu! Oddny, hii si ndiyo kostiki? Unajipaka dawa ya kuzibulia sinki?"

"Lakini daktari kasema..."

"Daktari gani, kale katoto?"

Krimu ikaenda kwenye pipa la taka. Kesho yake nikaja na dawa yangu mwenyewe: mafuta ya kondoo, asali, na majivu ya kuni niliyoyachekecha mara tatu. Majivu ni kitu cha asili, nikamwambia, na cha asili hakidhuru. Nimepanga vitabu vya kemia rafuni miaka thelathini na minane, wala sikuwahi kufungua hata kimoja.

Kila siku saa kumi na moja jioni nikawa napanda kilima hadi kwake. Zamani nilikuwa nafika Krismasi na Pasaka tu. Sasa tulikaa jikoni, nikamsugua vidole kimoja kimoja, tukanywa kahawa, tukawasengenya majirani. Baada ya wiki tatu mikono yake ilikuwa laini kabisa, nami nikavimba kichwa. Nilipika makopo arobaini ya mafuta yale, nikamwomba Borghild, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika, anipe dakika kumi nihutubie. Nilitaka sifa, sitaficha. Nilitaka mji mzima ujue nani kamponya Oddny.

Siku ya mkutano nilisimama, nikaunyanyua juu mkono wa mdogo wangu.

"Tazameni! Bila kostiki! Bila sumu!"

Wakapiga makofi. Sissel, aliyekuwa karibu na meza ya kahawa, akauliza, "Mjukuu wangu ana upele mashavuni. Ana miezi minane. Yatamfaa?"

"Yatamfaa mno! Mpake asubuhi na jioni."

Oddny akauchomoa mkono wake. "Dada, subiri kwanza."

Akatoa mkobani vikaratasi wanavyotumia kazini kupimia kama kostiki imeshamtoka samaki. Akakoroga mafuta yangu kidogo kwenye kikombe cha maji moto, akachovya. Kikaratasi kikawa buluu iliyoiva, rangi ya ukali unaochuna. Kisha akatoa tyubu niliyoifahamu vizuri, ya krimu ileile ya daktari, akapima nayo. Kikaratasi kikabaki karibu na njano.

"Yenye kostiki ni hii hapa," akasema, akiinua ile tyubu. "Kostiki mbichi inachuna ngozi, ndiyo maana sisi kazini tunavaa glavu na miwani. Lakini humu wametia chembe tu, kwa kipimo, kupunguza uchachu wa krimu. Kostiki na uchachu vikikutana vinamalizana, inabaki chumvi na maji. Krimu yenyewe inabaki na uchachu kidogo, kama ngozi yako ilivyo. Haya majivu ya dada hakuna aliyeyapima. Na bibi zetu, kabla kostiki haijauzwa dukani, walimloweka samaki kwenye nini?"

"Majivu ya kuni," akajibu Borghild, ambaye nadhani hajapata siku tamu kama ile. "Ala! Magnhild, kumbe ulikuwa unamwandaa mdogo wako tumle Krismasi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ningefanyaje? Sissel akalirudisha mezani kopo alilokuwa ameshalichukua, akafuta vidole kwa leso.

Tulibeba sanduku la makopo kurudi nyumbani, mimi huku, Oddny kule. Nilikuwa nachemka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya pili. Nilinunua tyubu nyingine. Ukishaondoka tu nanawa, najipaka."

"Na yangu?"

"Yako yalichoma, dada. Kama upupu."

"Ukaninyamazia wiki tatu! Ukaniacha nijisifu mpaka kanisani! Leo ndiyo unanivua nguo mbele za watu?"

"Kunichoma mimi sawa. Mtoto wa watu, hapana."

"Si ungeniambia siku ileile?"

Akashusha upande wake wa sanduku chini.

"Ningekwambia mikono haikuhitaji, kesho yake ungekuja?"

Nilifungua kinywa niseme ndiyo. Nilijua ni uongo. Kila jioni nilipanda kile kilima kwenda kutazama mikono, na mwenye mikono alikuwa amekaa mbele yangu, mjane, akihesabu saa hadi nibishe hodi. Nikalia palepale barabarani, mtu mzima mwenye mvi. Oddny akanifuta machozi kwa vidole vyake, na vilikuwa laini kweli.