Fundi Redio wa Kila Alhamisi

Kila Alhamisi saa nne asubuhi mashine ya kukatia karatasi huzimwa, chai humiminwa, na watu wanne wa karakana ya kujalidi vitabu huulizana: unasoma nini, na unakionaje? Ni kawaida yao ya miaka mingi. Watu wanaoshinda wakishona, kupaka gundi na kukata vitabu vya wenzao waliona aibu kuvijua migongo tu.

Mkasi, mtu wa mashine, alisoma hadithi za upelelezi. Kufika ukurasa wa kumi alikuwa ameshamjua muuaji, na hajapatia hata siku moja. Mama Gundi alisoma za mapenzi, akigombana na wahusika utadhani wamepanga nyumbani kwake. Mzee Herufi, aliyepiga majina ya vitabu kwa rangi ya dhahabu juu ya majalada, alikuwa na kitabu kinene cha magonjwa, na kila sura aliugua nayo. Wiki iliyopita alikuwa anaumwa ini.

Wa nne alikuwa Dada Uzi, mshonaji. Kitabu chake hakikuwa na neno hata moja.

Hapo sitii chumvi. Kilikuwa kitabu cha mfano, kile kinachotengenezwa ili mteja aone unene na ushonaji kabla ya kazi yenyewe: karatasi tupu mwanzo hadi mwisho, ndani ya jalada la kitambaa cha bluu. Alikichomoa rafuni Alhamisi ya kwanza aliporudi kazini baada ya kumzika kaka yake. Hakumwambia mtu kwamba amefiwa. Aliomba ruhusa ya siku nne, akasema ana homa, akaenda akazika, akarudi akakaa kwenye kiti chake na kutunga uzi.

Msidhani alikuwa jasiri. Hakusikia kitu, basi. Kule msibani shangazi zake walimtazama kwa jicho la pembeni kwa kuwa hakutoa chozi, na yeye mwenyewe alijipapasa rohoni akakuta ganzi tupu. Kusema "kaka yangu amefariki" kulitaka mtu mwenye uchungu, na mtu huyo hakuwepo. Alichoogopa, kama bado kulikuwa na kitu cha kuogopa, ni kwamba hatakuwepo tena. Kaka aliyemlea angekuwa amekwenda hivihivi, bila hata kuliliwa na dada yake. Kwa hiyo walipomuuliza anasoma nini alishika kilichokuwa karibu, na maneno yakamponyoka.

"Kuna bwana mmoja, fundi redio. Amelazwa, figo zinamsumbua, lakini wodi nzima hailali kwa maneno yake."

Wakacheka. Wiki iliyofuata wakamuulizia. Dada Uzi akawaambia fundi redio amekataa nguo za hospitali, eti hawezi kufa amevaa mistari. Wiki ya tatu amefungua redio ya muuguzi mkuu kwa kijiko, na sasa inashika stesheni moja tu, ya mahubiri. Yote yalitokea na yote aliyaona kwa macho yake. Aliyasimulia kwa sauti ileile anayoombea sukari. Alichobadilisha ni kimoja: kila Alhamisi kaka yake alikuwa bado hai.

Ikaenda hivyo miezi mitatu.

"Mchumba wangu hajambo leo?" Mama Gundi aliuliza Alhamisi hii, maana alikwisha kujiozesha.

"Hajambo kidogo. Amekunywa supu. Anasema ina ladha ya ukuta."

"Huyo atatoka," Mkasi akakata kauli. "Mwisho wake mimi naujua. Atatoka na atamwoa yule muuguzi."

"Muuguzi gani, na mimi nipo?"

Mzee Herufi aliweka kikombe chini. "Kuna kitu kinanikera," akasema. "Miezi mitatu Dada Uzi anatembea na kitabu kisicho na jina juu. Watu wakikiona si watasema Herufi ini limeshamuua? Leo nakipiga jina, bure kabisa. Jiko la kupashia herufi limeshapata moto."

Kabla Dada Uzi hajameza chai, mzee alikuwa amekichukua kitabu mapajani mwake na kufungua ukurasa wa kwanza, kutafuta kinaitwaje. Akafungua wa pili. Akaenda katikati, akaenda mwisho.

"Dada, mbona hiki ni kile cha mfano?"

Mkasi alicheka peke yake, akaacha.

"Kumbe unatutungia?" Mama Gundi hakuwa na mzaha tena. "Mimi nimemwombea mtu huyu, Dada Uzi. Nimempigia magoti."

"Sikutunga," akajibu. "Ni kaka yangu. Nilimzika zile siku nilizosema nina homa."

Akangoja uchungu uje. Haukuja. "Sijamlilia bado," akaongeza, kama anayeripoti cherehani mbovu. "Sijui kwa nini."

Mama Gundi alijishika mdomo. Mkasi akatazama viatu vyake. Mzee Herufi alikuwa na jalada tupu mkononi na jiko la moto, basi akauliza swali la kazi, lile analowauliza wateja wote.

"Niandike nani?"

Dada Uzi akamtajia jina la kaka yake. Tangu makaburini hakuwa amelitamka.

"Nitajie herufi mojamoja nizipange."

Jina lilikuwa na herufi sita. Akataja ya kwanza, mzee akachagua kipande cha shaba kwenye kisanduku, akakiweka kwenye kishikio. Akataja ya pili, ya tatu, ya nne, kavukavu. Kufika ya tano akakumbuka kwamba kaka yake alikuwa akiandika jina hili hili ndani ya kila redio aliyotengeneza, nyuma kabisa, mahali ambapo mwenye redio hataliona maishani. Alipomuuliza kwa nini, alisema ni kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yake.

Herufi ya sita haikutoka. Uchungu wa miezi mitatu ukamshika wote kwa mkupuo, mbaya kuliko alivyowahi kuudhania. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujiziba.

Mama Gundi akamkumbatia kwa mikono yake yenye gundi. "Lia, wifi yangu," akamwambia. "Lia."

Mzee Herufi hakumharakisha. Alipunguza moto wa jiko, akakaa na kishikio chake mapajani, akasubiri.