Siku Marlys Aliposhika Picha

Saluni yangu ina viti vitatu vya nywele na kumi vya umbea, na majira ya baridi yale vile kumi havikuwa na habari nyingine ila saa. Huko Lansing, makao makuu ya jimbo letu la Michigan, wabunge walikuwa wameleta muswada wa kuacha saa zikae mbele mwaka mzima. Yaani ule mchezo wetu wa kuzisogeza mbele kwa saa moja kila Machi na kuzirudisha nyuma Novemba ukome, jioni tubaki na mwanga wetu.

"Mimi naupenda," alisema mama mmoja, rola kichwani. "Mume wangu akirudi kazini bado kweupe, atakata nyasi. Sasa hivi kisingizio chake giza."

"Mumeo hata jua lisipotua kabisa hakati nyasi," nikamwambia. Watu wakacheka mpaka dryer ikazimwa ili wasikie vizuri.

Marlys Hoekstra hakucheka. Ni jirani yangu, dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na sita. Sisi wa kando ya Ziwa Michigan jua linatufikia kwa kuchelewa. Muswada ule ungepita, Desemba jua lingechomoza saa tatu na robo asubuhi, na watoto wa basi la Marlys wanasimama barabarani saa moja na nusu.

"Walishajaribu," alisema akiniangalia kwenye kioo. "Mwaka sabini na nne. Nchi nzima."

Mjini kwetu hakuna asiyejua. Januari ile, saa zilipowekwa mbele, mdogo wake Marlys, Joanie, mwenye miaka minane, aligongwa na lori la maziwa gizani akisubiri basi. Marlys alikuwa nyumbani na homa. Aliyekuwa kituoni na mtoto ni kaka yao mkubwa, Gerrit, mwenyewe ana miaka kumi na mitatu tu.

Ndiyo maana Marlys na Gerrit walipanga hivi: siku ya kamati kusikiliza wananchi, Gerrit aseme, maana yeye ndiye aliyeona. Marlys asimame ubavuni mwake na picha ya Joanie. Mimi niende kushika mikoba na kusikia yote, kazi ninayoiweza.

Sasa, Gerrit ana uwanja wa gofu, na jioni ndefu ni wateja. Nilimuuliza usoni, mimi sina aibu. "Na uwanja wako je, Gerrit?"

"Twyla, Joanie ni wangu pia," akanijibu. Nikajiona mbaya.

Tulikwenda kwa gari lake. Theluji inapiga kioo, chupa moja ya kahawa, watu watatu. Njiani Marlys alimmenyea chungwa, akawa anamtilia kipande kimoja kimoja mdomoni ili asiachie usukani. Akala chungwa zima.

Mlangoni pa ukumbi unapewa kadi: jina lako, unaunga mkono au unapinga, utasema au hutasema. Marlys akatia alama kwenye kupinga, na kwenye hutasema. "Atasema kaka," akamwambia karani. Gerrit alijaza yake ametugeuzia mgongo. Nikadhani anatafuta mwanga wa dirisha.

Mwenyekiti akasoma: "Bwana Gerrit Hoekstra. Anaunga mkono."

"Kasoma vibaya," Marlys akaninong'oneza. Akainuka, akaenda kusimama kando ya kaka yake, picha kifuani.

"Waheshimiwa," Gerrit akaanza, "huyu ni mdogo wangu Joanie. Aliuliwa na dereva mwenye haraka, hakuuliwa na saa. Familia yetu ililia, ikasamehe. Joanie alipenda kucheza nje. Huu mwanga wa jioni angeupenda."

Watu wa mbele walikuwa wanajifuta macho. Na Marlys bado ameshika picha. Nilikuwa namwambia kimoyomoyo, ishushe, ishushe, lakini hakuishusha. Baadaye aliniambia aliona kama akiishusha atakuwa amemwangusha mtoto.

Dakika tatu zikaisha, taa nyekundu ikawaka. Marlys akaisogelea maikrofoni. "Mheshimiwa, mimi napinga. Na mimi pia ni familia."

Mwenyekiti akapekua kadi. Alikuwa mpole, na huo upole ndio ulioniuma. "Mama, kadi yako inasema hutasema. Na kuna watu arobaini wanangoja."

Kwenye korido Marlys akamshika Gerrit mkono wa koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

"Na picha, Gerrit?"

"Watu husikiliza zaidi wakiona picha, Marly." Kisha akaangalia chini. "Miaka hamsini mnasema giza, giza, na kila mkisema nasikia kuwa mimi ndiye niliyemwachia mkono. Nimechoka. Nataka kosa liwe la yule dereva wa lori."

"Mimi nilikuwa nakuonea huruma tu, mjinga wewe," Marlys akasema. Tukarudi nyumbani kwa basi la abiria.

Kamati iliupitisha muswada. Lakini ndani yake kulikuwa na mstari mmoja: usifanye kazi mpaka serikali kuu ya Washington iruhusu. Washington haikuruhusu. Novemba ikafika, saa zikarudi nyuma kama miaka yote.

Sebuleni kwa Marlys kuna saa ya marehemu baba yao, ndefu kama mtu. Mishale yake hairudishwi nyuma, utavunja mtambo wa kengele. Kwa hiyo kila Novemba, baada ya kanisa, Gerrit huja, huisimamisha pendulamu, na ndugu hao wawili hukaa saa nzima wakinywa kahawa na biskuti za mlozi, mpaka wakati uifikie saa. Siku hiyo mimi huwa sikanyagi pale. Mwaka ule Marlys aliniita.

Gerrit akabisha mlango. "Marly, nimekuja kwa ajili ya saa."

Iko njia nyingine: unaisogeza mbele kwa muda wa saa kumi na moja, inakuwa kama imerudi nyuma moja, na kila saa unaiacha igonge mpaka imalize. Inachosha na ina kelele, hakuna anayeitaka. Marlys hakufungua mlango, alifungua kioo cha saa, akauzungusha mshale kwa kidole. Ikagonga. Akangoja, akazungusha tena.

Nilichungulia nje kupitia pazia. Ilipogonga mara ya tatu Gerrit alielewa. Akarudi hatua moja nyuma na koti lake la kanisani, sanduku la biskuti mkononi.

"Marly. Hatufanyi hivyo sisi."

Ikagonga.

"Marly, nimekosa."

Marlys akaiacha kengele imalize, maana lazima imalize. Akazungusha tena.

Ilipofika zamu ya kumi na moja, akafunga kioo, akafuta alama ya kidole kwa mkono wa sweta.

"Ameondoka?"

"Ameacha biskuti barazani."

"Za mlozi?"

"Za mlozi."

Akafikiri kidogo. "Kindi watakula."

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi alipita na basi mbele ya saluni. Kulikuwa kweupe. Akanipigia honi. Sanduku bado lilikuwa barazani kwake, na hakuna kindi aliyelisogelea.