Mikono Bila Uso

Zakiya aliamini kwamba mwanamke asiyeonyesha uso hajulikani. Ndivyo alivyolelewa kwao Mambrui, ambako ukishateremsha ninja ya kufunika uso hata kaka yako hukupita njiani asikutambue. Basi alipofungua ukurasa wa hina mtandaoni hakuweka sura, sauti wala jina lake. Aliweka mikono ya maharusi tu, iliyopakwa hina na piko nyeusi, na chini ya kila picha akaandika Mnarani, Kilifi, ili wateja wamfikie.

Alikuwa na sababu ya kujificha. Ridhwan, aliyekuwa mumewe, alimvunja mkono mbele ya mtoto, na siku ya talaka akaapa kwamba binti yao, Nana, atamchukua popote atakapofichwa. Kadhi alimwachia Zakiya mtoto. Zakiya hakungoja kuona kama Ridhwan atamsikiliza kadhi. Alihama Malindi walikokuwa wakiishi, akaja Mnarani na mwanawe bila kumuaga mtu.

Masikini, hakujua kwamba programu za simu hazina haja ya uso. Ile yake ilipomwomba ruhusa ya kutazama namba zilizomo simuni, alikubali, maana nani husoma maneno yale? Namba ya Ridhwan ilikuwemo bado, na yake ilikuwemo kwa Ridhwan.

Jioni moja picha ya Ridhwan ikamtokea kwenye kioo cha simu, na maandishi: Huenda mnafahamiana. Zakiya aliingiwa na baridi. Kisha akajituliza: mimi namwona, yeye hanioni, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Laiti angalifunga mizigo saa ileile! Kwa Ridhwan nako ilikuwa imetokea mikono ya maharusi, na maandishi yaleyale, na chini yake Mnarani, Kilifi.

Alhamisi alikwenda kumpaka hina bibi harusi, akamwacha Nana kwa jirani yake, Nyevu. Aliporudi alimkuta Nyevu uani anafua, peke yake.

"Nana yuko wapi?"

"Si kaja babake kumchukua, Mama Nana? Mtu wa adabu, kanisalimia vizuri. Kanionyesha na hina zako simuni, kasema wewe ndiwe uliyemtuma. Na mtoto mwenyewe kamwita baba."

Zakiya aliketi palepale kwenye maji ya sabuni. Alimpigia Ridhwan; simu imezimwa. Akapiga tena na tena.

Magharibi programu ikampendekezea video. Nana yumo garini, kavaa gauni jipya, macho mekundu, na sauti ya Ridhwan inamwambia, "Sema nimerudi kwetu." Chini yake maoni ya watu yamejaa: mashallah, baba ndiye huyu.

Zakiya aliirudia, akitafuta dirishani nyuma ya mtoto kibao, duka, chochote cha kumwonyesha njia waliyoshika. Akairudia tena. Programu ikaona ameipenda, ikaanza kummiminia nyingine: akina baba na mabinti zao, watoto wa watu asiowajua, wote wanacheka. Aliposaka ile ya Nana, hakuipata tena.