Pingamizi la Mfuaji

Saa saba na dakika arobaini mchana, siku ya kumi na nne na ya mwisho ya kuleta pingamizi, mfuaji wa hospitali alifika dirisha namba mbili la masjala ya kamati ya madai akiwa na bahasha tatu tupu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Karani alimjua. Wiki ile alikuwa amemrudisha mara mbili: mara ya kwanza pingamizi lake halikuwa na nakala, mara ya pili kurasa hazikuwa na namba. Ofisi ya mishahara ilidai kwamba alilipwa posho ya zamu za usiku ambazo hakufanya, nayo ilitaka airudishe. Alikuwa amezifanya zote. Ila daftari la mahudhurio lililowa maji kwenye chumba cha kufulia, likatupwa.

"Kaka, mkono uliingia kwenye mashine ya pasi jana," alisema. "Niandikie basi wewe. Mistari michache tu."

"Kanuni ya tisa, dada. Karani hamwandikii mdaiwa."

"Na nikisema kwa mdomo?"

"Hapa dirishani maneno matupu hatupokei. Yawe ndani ya bahasha, imefungwa, nakala tatu. Ya kamati, ya mwajiri na ya kwako."

Mfuaji akaenda kukaa kwenye benchi, akaiweka bahasha ya kwanza mdomoni na kuanza kusema humo ndani. Alitaja jina lake, namba yake ya ajira, kisha zamu moja baada ya nyingine, alikuwa na nani na walifua mashuka ya wodi gani. Akalamba gundi, akafunga. Nakala ya pili aliisema neno kwa neno, sauti ikiwa imeanza kukwaruza. Ya tatu aliimaliza kwa kunong'ona.

Karani alizipima kiganjani. Uzito ulikuwa sawa. Akazigonga muhuri, akamrudishia yake.

"Itunze hii, dada."

Mfuaji alifungua mdomo kumshukuru, lakini hakikutoka kitu. "Karibu," karani alijibu, akafunga dirisha, maana saa nane ilikuwa imefika. Jioni hiyo alizisoma kanuni zote upya, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali alipokosea, na jambo hilo lilimnyima raha ya kula.

Kikao kilikaa baada ya wiki tatu. Mwenyekiti alifungua bahasha ya kamati na sauti ya mfuaji ikatoka, ikaeleza kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, huku mwenyewe amekaa benchi la mbele, mikono mapajani. Mjumbe mmoja alijifuta macho. Sauti ilipokoma, bahasha ilikuwa bapa.

Mwanasheria wa mwajiri alisimama. "Mheshimiwa, maelezo haya hayana sahihi. Na sasa hayamo tena kwenye jalada."

Mwenyekiti aliingiza vidole viwili ndani ya bahasha, akakubali kwamba hayamo. Nakala ya mwajiri ilikuwa imeshafunguliwa na katibu muhtasi wake, tena wakati akiongea kwenye simu. Mdaiwa aliulizwa kama ana la kuongeza. Akatikisa kichwa. Ikaandikwa kwamba hana la kuongeza, na kwamba mshahara wake ukatwe kwa miaka sita.

Karani alimkimbilia kwenye korido, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Dada, una siku saba za rufaa. Niletee nakala yako. Nitaipeleka mwenyewe, mkononi."

Mfuaji aligeuza karatasi ya uamuzi, akaandika nyuma kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka: *Mama haoni. Kila jioni namfungulia kidogo ajue ni mimi.*

"Imebaki kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Haikuwa nyingi.

Siku ya saba karani aliacha dirisha wazi dakika kumi kupita muda. Hakuna aliyekuja. Akaandika kwenye jalada kwamba rufaa haikuletwa, akalipeleka kabatini.

Mwezi uliofuata kamati ilitoa kanuni ya nyongeza: sauti zitapokelewa, mradi zitanguliwe na ukimya wa pumzi mbili, ili muhuri upate nafasi. Benchi likajaa watu walioinamia bahasha. Makato yaliingia tarehe ishirini na tano, ya mfuaji na ya wengine, kama kawaida.

Dereva mmoja mstaafu aliinua uso kutoka kwenye bahasha yake. "Na nikikohoa katikati, mwanangu?"

"Kohoa tu, mzee," karani alisema, akimsogezea kikombe cha maji. "Kitasajiliwa."