Kikohozi cha Mwalimu Mkuu

Waliohudhuria kikao cha walimu, Jumatano, saa nane mchana, walikuwa wanne: Mwalimu Mkuu Gerson, Mwalimu Dorkasi aliyekuwa msaidizi wake, Mwalimu Optatus aliyekuwa mwandishi wa kikao, na Mwalimu Bupe, aliyefundisha hisabati darasa la saba, somo ambalo hakuna mwingine shuleni hapo, kijijini Zuzu, aliyeliweza. Hakuna aliyetoa udhuru.

Ajenda ilikuwa moja: barua ya Bupe ya kuomba uhamisho. Gerson aliisoma kwa sauti iliyokwaruza kama chaki mbovu. Sababu ilikuwa mstari mmoja tu: "Kila ninaposimama kutoa hoja, Mwalimu Mkuu hunikoholea."

Koo likamwasha papo hapo. Alijibana mpaka machozi yakamlenga, lakini lilimshinda. "Hmh-hm!"

"Si mnasikia wenyewe?" alisema Bupe. "Marehemu baba yangu akikohoa hivyo, ujue maneno yamekwisha. Nilipoomba kipindi cha ziada asubuhi, alikohoa. Nilipoomba vitabu, alikohoa mara mbili."

"Mara tatu," alisahihisha Optatus, akipekua daftari la kumbukumbu. "Nikaandika, 'Hoja haikukubaliwa.'"

Gerson alilivuta daftari, akasoma mwenyewe. Kwa miezi mitano alikuwa akihisi kama punje ya mtama imemkwama kooni, haishuki wala haitoki. Hakujua kwamba daftari lilikuwa likikipokea kikohozi chake kama uamuzi.

"Jana nilikuwa hospitali, mjini," alisema. "Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba puani. Koo ni jekundu, limevimba. Anasema tindikali ya tumboni hupanda nikilala na kunichoma. Nikamwambia sina kiungulia hata kidogo. Akasema wengi hawana. Wao huona kikohozi na sauti kukauka, basi. Kisha akaniuliza ninakula saa ngapi."

"Saa nne usiku, halafu moja kwa moja kitandani," alidakia Dorkasi, jirani yake. Mkononi alikuwa na chupa ya juisi ya ubuyu, aliyomletea kila kikao ili alainishe koo. Akaisogeza taratibu chini ya meza. "Kumbe na uchachu huu nilikuwa namwagia moto petroli!"

"Kwa upendo, dada Dorkasi," alisema Gerson.

Optatus aliinua kalamu. "Na Jumatatu, nilipoomba ruhusa ya kwenda harusi ya tatu mwezi huu?"

"Ile nilikohoa kwa makusudi."

Bupe alicheka bila kutaka, kisha akajikaza. "Na kipindi changu cha ziada, je?"

Gerson aliona kwamba kicheko hakingefuta kilichokwisha kuandikwa. Akasimama, akakiacha kiti cha mwenyekiti wazi.

"Mwalimu Optatus, andika. Hoja zote zilizozimwa na koo langu zirudi mezani leo. Daktari amenipa dawa za wiki nane na kunitaka nipumzishe sauti. Nitakula saa kumi na mbili jioni, na ubuyu basi. Kwa wiki hizo vikao vitaongozwa na Mwalimu Bupe. Barua yake akae nayo. Akiileta tena mwisho wa muhula, nitaipeleka halmashauri kwa mkono wangu. Na nikikohoa… hmh-hm!"

Wote walinyamaza, kwa mazoea.

"Nikikohoa," alirudia, "mtaendelea kuzungumza."