Sabuni Zisubiri

Msusi wa saluni ya jirani alitaka kuchukua sabuni zetu zote siku hiyo hiyo. Kikundi chetu kilizitengeneza ili kumnunulia dada yangu kiti cha magurudumu, aende chuoni bila kubebwa mgongoni. Shangazi, kiongozi wetu, alikuwa ameshaanza kuzifunga.

“Ngojeni kwanza,” dada akasema. Akagusa kipande kimoja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. “Bado inachoma. Magadi yake ni makali, zikae wiki kadhaa yapoe.”

“Kwani wewe unaoga au unakula?” msusi akacheka.

“Wateja wako watatoka wamebabuka vichwa.”

Shangazi akamwinamia dada. “Mwanangu, pesa hizi ni za kiti chako.”

“Ndiyo maana, shangazi. Sitaki kukalia machozi ya mtu.”

Msusi akaacha kucheka. “Haya. Siku ulimi wako ukiacha kuchomwa, niite mimi kwanza.”

Tukazirudisha sabuni rafuni, tukaziachia nafasi zipate hewa. Kisha nikachuchumaa mbele ya dada.

“Panda, tutachelewa chuoni. Mbona leo umekuwa mzito?”

“Ni sabuni niliyokula,” akasema, akanikumbatia shingo. Nikasimama naye.