Kiti cha Kijani cha Dell

Jioni ya tarehe tatu Julai, mkesha wa gwaride la Siku ya Uhuru, vyombo vikiwa bado vinachuruzika maji jikoni, Corinne alibeba viti vya kukunja hadi barabara kuu akavipanga ukingoni, mbele ya duka la dawa: cha mama mkwe wake, chake mwenyewe, na kile cha kijani cha Dell. Mji mzima wa Tolliver ulikuwa ukifanya hivyohivyo. Viti vililala nje bila mlinzi. Marlys, mama mkwe wake, alikuwa na msemo wake kwamba hapa watu wanaweza kukuibia mume, lakini kiti chako cha gwaride hawakigusi.

Dell, mume wake, alikufa kabla mtoto wao Junie hajazaliwa. Alitumwa kuingia ndani ya ghala refu la nafaka kuvunja mahindi yaliyogandamana, bila kufungwa kamba, huku mashine ya chini ikiendelea kuyavuta, maana malori yalikuwa yanasubiri. Mahindi yakammeza. Kampuni ya maghala ilileta maua na keki. Tangu hapo alikuja kila mwaka siku ya gwaride, kwa kuwa kiti chake kiliwekwa. Wafu wa Tolliver walikuwa na utaratibu huo: hukaa pale kiti kilipo, hawakiachi, hutazama gwaride, na gari la mwisho la zimamoto likishapita huenda zao.

Miaka iliyopita Junie alikuwa mchanga, akalala. Au alikuwa mkubwa kidogo, akalia ving'ora vilipopigwa na kupelekwa nyumbani. Mwaka huu alikuwa na akili zake. Wiki nzima alikuwa na jambo moja tu.

"Nikikaa mapajani kwake atanishika?"

"Atakushika."

"Hataniangusha?"

"Baba yako hajawahi kuangusha kitu," alisema Marlys, "isipokuwa sahani zangu."

Asubuhi walitoka na kikapu cha mayai na chupa ya maji ya limau. Hawakuwa na haraka. Tolliver hakuna anayewahi. Kiti ndicho kinachowahi kwa niaba yako. Walipofika, mbele ya duka la dawa palikuwa na turubai jeupe la kampuni ya maghala, na chini yake wakubwa wamekaa kivulini. Viti vyao viwili vilikuwa vimeegemezwa hapohapo kwenye nguzo. Cha kijani kilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya kinyozi.

Rodney Stroh, msimamizi wa maghala, alikuja kofia mkononi. "Corinne, dada yangu, wazee walihitaji kivuli. Vijana wamevisogeza tu. Hakuna kilichovunjika."

"Kiti cha mtu, Rodney?" Marlys alisema. "Mama yako angekuchapa."

"Mama yupo pale. Kashanisema."

Kweli, marehemu mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mistari, hajaondoa macho kwake.

Corinne alimshika Junie mkono ili wavuke, lakini bendera zilikuwa zimeshapinda kona na watu wamesimama, mikono vifuani. Askari Lyle, binamu wa Dell, akanyoosha mkono mbele yao.

"Corinne, unajua. Gwaride likishaanza halikatizwi."

"Lyle, ni hapo tu."

"Najua ni hapo. Mwaka juzi nilimzuia hata mchungaji."

Dell alikuwa amekwisha kufika. Punje za mahindi zilimtoka mikononi mwa shati kama kawaida yake, na njiwa walikuwa wakizidonoa miguuni pake. Alitazama kulia kwake, akatazama kushoto, akaona wageni. Kisha akatazama ng'ambo, akawaona. Akapigapiga mapaja yake.

"Ananiita," Junie alisema.

"Anakuita, ndiyo."

"Basi twende."

"Gwaride likipita, mwanangu."

Corinne alimpandisha mabegani. Bendi ya shule ikapita, kisha Dell akaonekana. Wanajeshi wazee wakapita, Dell akaonekana tena. Kila alipoonekana alikuwa bado anawatazama. Junie akanyoosha mguu kumwonyesha viatu vyake vyekundu. Dell akainua buti lake naye amwonyeshe, na mahindi yakamwagika kutoka ndani. Junie alicheka mpaka Corinne akahisi kicheko kikimpita shingoni, na yeye akainua mkono, akaushusha, maana hakujua angesema nini kwa mkono.

Ndipo lori refu la kampuni lilipofika, limebeba ghala dogo la bati lililopakwa rangi mpya, likasimama mbele ya turubai ili wakubwa wapigiwe makofi. Kipaza sauti kikasema kampuni inazithamini familia zake. Peremende za karatasi ya njano zikarushwa kutoka lorini, nyingi, zikawagonga mabegani na kichwani. Junie hakuokota hata moja. Alikuwa akiinamisha shingo huku na huku, akitafuta pa kuchungulia.

Lori lilikaa sana. Lilipoondoka, gari la mwisho la zimamoto lilikuwa nyuma yake, na lilipopita nalo, kiti cha kijani kilikuwa kitupu.

Wakavuka. Kitini palibaki punje za mahindi, zimejaa pale palipobonyea. Junie akapanda, akaketi juu yazo, akaegemea nyuma taratibu kama mtu anayejua kuna kifua.

"Pana joto," alisema.

"Ndiyo."

Walimwacha akae. Vijana walikuwa wakikunja turubai, na Rodney akavuka kuja kusema kwamba mwaka kesho litaletwa kubwa zaidi, hivyo ingekuwa vizuri viti vyao wavipange huku huku, kuepusha usumbufu.

"Vyote vitatu," Corinne alisema. "Huku."

"Popote mnapopenda," alisema Rodney, akaokota peremende barabarani, akampa Junie. Kisha akatazama saa yake. Haikupita muda, upande wa reli, mashine ya ghala ikaanza tena kuvuta, maana malori yalikuwa yanasubiri.